Kisima cha kanisa kimegoma: dalili, chanzo na pa kuanzia

Mwongozo huu ni wa wazee wa kanisa, wainjilisti, kamati za maji na mafundi wa vijiji wenye kisima kilichochimbwa kwa msaada wa kanisa au shirika la Kikristo, na sasa kina shida. Nimeuandika nikifikiria zaidi vijiji vya Dodoma, Singida na Manyara, lakini pampu ni zile zile ukienda Iringa, Kigoma, au ukivuka mpaka kuingia Kenya na Malawi.

Kisima kikiharibika, jambo la kwanza linalofanyika katika sharika nyingi ni kumwandikia mfadhili. Barua inakwenda Ujerumani, Sweden au Marekani, jibu linakuja baada ya miezi, na muda wote huo akina mama wamesharudi kwenye lambo wanalochangia na ng'ombe. Mwishowe fundi anaitwa, anafungua pampu, anakuta mpira wa pistoni umelika, kitu kinachoenea kwenye kiganja. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta takriban asilimia 36 ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Ni zaidi ya moja katika kila tatu, na nyingi zilizinduliwa kwa maombi, nyimbo na utepe. Soma dalili kwanza, barua baadaye.

Fahamu una pampu gani

Vijijini kwetu utakuta aina chache. Afridev ina mpini mrefu wa chuma na bomba la plastiki ndani ya kisima. Ilibuniwa miaka ya 1980 Malawi na Kenya, Kwale ikiwa mojawapo ya sehemu ilikojaribiwa, kwa shabaha kwamba mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe. Pistoni, inayoinua maji, na valvu ya chini, inayoyazuia yasirudi kisimani, hutolewa kwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe, kwa spana na kifaa cha kuvulia. India Mark II ina mnyororo ndani ya kichwa na mabomba ya chuma. Kubadilisha mpira wake lazima mabomba yote yapandishwe, moja baada ya jingine, na hiyo ni kazi ya watu kadhaa wenye vifaa vyake. Lindi na Mtwara kuna Nira, iliyoenezwa na mradi wa maji uliosaidiwa na Finland. Hiyo unaisukuma na kuivuta juu na chini kwa mpini wenye umbo la T, na inafaa pale ambapo maji hayako chini sana, mita 15 hivi.

Kama pampu yako si mojawapo ya hizi, usinunue chochote kabla hujajua spea zake zinauzwa wapi. Nimeona pampu imara sana zilizoletwa kwenye kontena moja na vitanda vya zahanati, na hakuna duka kuanzia Dodoma mpaka Dar es Salaam lenye mpira wake hata mmoja. Hiyo si kasoro ya pampu. Ni kasoro ya uamuzi, na dawa yake ni kuibadilisha kwa aina ambayo spea zake zinapatikana mkoani.

Tafuta pia ripoti ya uchimbaji. Ndiyo inayosema kisima kina kina gani, machujio (sehemu za bomba zenye matundu ya kuingiza maji) yako mita ya ngapi, maji yalisimama wapi siku ya kupimwa, yalitoka kwa wingi gani, pampu ilishushwa mpaka wapi, na maabara ilisema nini. Mara nyingi karatasi hiyo iko kwa mfadhili au kwenye kabati la dayosisi, na kijijini hakuna hata nakala. Iombe sasa, kabla ya shida.

Unapiga mpaka unachoka ndipo maji yatoke

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na wa kwanza kuiona ni mama anayefika kisimani alfajiri. Atakuambia hivi: "Fundi, asubuhi inanisumbua, napiga mpaka mkono unalegea ndipo inatoa, lakini mchana iko sawa." Msikilize vizuri, maana maneno hayo peke yake yamebeba nusu ya jibu. Maji yalikuwa ndani ya bomba jioni, usiku yakarudi kisimani. Ama valvu ya chini haifungi, ama bomba linavuja mahali.

Thibitisha hivi. Piga pampu mpaka maji yatoke mfululizo. Acha nusu saa, mtu yeyote asiiguse. Kisha anza kupiga ukihesabu. Ikitoa ndani ya mapigo matano, valvu na bomba viko salama. Ikizidi hapo, kuna uvujaji. Sasa fanya kipimo cha pili: ukishapata maji mfululizo, kinga ndoo na upige mapigo 40 kamili kwa dakika moja. Afridev nzima inakaribia kujaza ndoo ya lita 20. Ukipata chini ya lita 10, mpira wa pistoni umechoka.

Vipimo hivi viwili usivichanganye. Pampu inayochelewa kutoa lakini ikianza inajaza ndoo vizuri, shida yake iko chini, kwenye valvu au bomba. Inayotoa upesi lakini kidogo kidogo, shida iko kwenye pistoni. Yenye dalili zote mbili, badilisha vyote kwa safari moja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Ukishatoa pistoni, uweke mpira wa zamani kando ya mpya. Mpya una mdomo mkali unaofunguka kidogo kwa nje, na huo ndio unaokumbatia ukuta wa silinda, yaani bomba fupi ambamo pistoni inapanda na kushuka. Wa zamani mdomo umekatika au umelala, na ukipitisha kidole utasikia chembe za mchanga zimejikita ndani yake. Chembe hizo zikumbuke, tutazirudia. Valvu ya chini ijaribu juu juu: isafishe, ijaze maji kwa upande wa juu, uishike juu ya beseni dakika chache. Ikidondosha, badilisha kifuniko chake cha mpira na oringi, ile pete ya mpira ya kuziba.

Kama valvu ni nzima na bado maji yanarudi, acha kupiga na utege sikio kwenye kichwa cha pampu. Bomba lililopasuka utalisikia likichuruza kisimani. Kwenye Afridev mara nyingi ni kiungo kilichogundishwa haraka, bila kusafishwa, au kilichoshushwa kabla gundi haijashika. Kwenye India Mark II ni nyuzi za bomba zilizoliwa na kutu.

Mpira wa kukata kwenye kandambili tafadhali usiweke. Najua unafanya kazi siku chache na najua kwa nini watu wanaufanya. Lakini unachanika vipande vipande, vipande vinashuka na kukaa kwenye valvu, na badala ya kasoro moja unakuwa na mbili.

Mpini umekuwa mwepesi ghafla

Jana pampu ilikuwa na uzito wake, leo mpini unapanda na kushuka kama haujashika kitu. Rodi, yaani fimbo ya chuma inayounganisha mpini na pistoni, imekatika au imefunguka. Mwambie kila mtu aache kupiga, kwa sababu rodi inayoning'inia inakwangua bomba. Ukivuta, hesabu rodi zinazotoka ili ujue kilichobaki chini ni kirefu kiasi gani, kisha kivue kwa kifaa chake. Kinyume chake, mpini mzito unaolia kwa kawaida ni bushi (pete ambamo mpini unazungukia) zilizolika au nati za kichwa zilizolegea. Bushi za Afridev ni za plastiki, zinabadilishwa juu ya ardhi bila kugusa kisima, na hakuna sababu ya kuziacha mpaka chuma cha mpini kianze kulika.

Lakini bushi zikiisha kila baada ya muda mfupi, angalia idadi ya watu kabla ya kulaumu ubora. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilikadiria kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa kila mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Hizo ni lita 6,250 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 720 kwa saa, ambacho ni cha kawaida kwa pampu ya mkono, kitahitaji kupigwa karibu saa tisa mfululizo kuzipata. Sasa fikiria kijiji cha watu 700 na kisima kimoja. Pampu hiyo hailali. Hapo linalotakiwa ni kisima cha pili, na hesabu hii ndiyo ya kuiweka mbele ya dayosisi au halmashauri.

Maji yanakata mwezi wa Oktoba

Pampu ni nzima, mpira mpya, na bado kuanzia Septemba maji yanakuja kwa mapumziko: ndoo moja, kisha hewa, kisha usubiri. Mvua zikianza Desemba inapona yenyewe. Maji yameshuka chini ya silinda.

Fungua kichwa, vuta rodi, shusha kamba iliyofungwa kizito safi kilichooshwa kwa klorini, na upime maji yako mita ya ngapi. Linganisha na ripoti ya uchimbaji. Ikiwa kisima kina mita 40 na pampu imewekwa mita 24, habari ni njema: ongeza mabomba na rodi, ishushe, lakini silinda isikae kwenye tope la sakafu ya kisima. Ikiwa pampu tayari iko karibu na mwisho, kuishusha hakutasaidia. Miamba yetu ya kati mwa nchi ni ya matale, na maji hayakai ndani ya jiwe bali kwenye nyufa zake. Ufa mdogo unaisha.

Chanzo cha kweli mara nyingi ni tarehe ya kuchimba. Wageni wanakuja wakati wa likizo yao au fedha zinapopatikana, mtambo unaletwa Machi au Aprili ardhi ikiwa imelowa, maji yanapimwa kwa saa chache, yanaonekana tele, picha zinapigwa. Wapimaji makini hupiga pampu ya majaribio mchana na usiku na kuandika jinsi maji yanavyoshuka na yanavyorudi. Kama usharika wako uko mbioni kupata kisima kipya, dai kipimo hicho, na ikiwezekana kifanyike mwisho wa kiangazi. Dai pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi ina mabonde tisa, na kwa vijiji vingi vya Singida ni Bonde la Kati, ofisi yake iko Singida mjini. Mchimbaji asiye na kibali haachi kumbukumbu yoyote, na kisima kikileta shida hakuna anayejua chini kulikuwa na nini.

Visima vya kuchimbwa kwa jembe na sururu vinaongezwa kina Oktoba na Novemba, maji yakiwa chini kabisa. Hapa nasema kwa uzito wote: asiingie mtu ndani kabla hewa haijajaribiwa na kupulizwa, asiingie bila kamba ya mwilini na watu wawili juu, na pampu ya petroli isishushwe wala kuwashwa ndani ya kisima kamwe. Moshi wake unajaa chini, na gesi ya sumu iliyomo inaua bila harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumwokoa mwenzake naye anabaki huko. Hakuna maji yenye thamani hiyo.

Maji yamebadilika rangi

Kinga kwenye glasi au chupa inayoonyesha, uiweke juani. Maji meupe kama yametiwa maziwa, yanayong'aa kuanzia chini kwenda juu, yana hewa tu na hayana madhara, ingawa hewa hiyo yaweza kuwa dalili kwamba pampu inakaribia kumaliza maji. Yanayotulia kwa kuacha udongo au mchanga chini, kisima kinaingiza ardhi. Hapa ndipo zile chembe kwenye mpira zinapopata maelezo: mchanga unasaga kila mpira utakaoweka. Huenda matundu ya chujio ni makubwa kuliko mchanga wa mahali pale, au mchimbaji aliondoka bila kukisafisha kisima kwa kompresa mpaka maji yang'ae, au bomba la kisima, lile la nje linaloshikilia kuta zake, limepasuka. Kwa muda mfupi inua silinda mita chache. Kwa kudumu, kisima kisafishwe kwa kompresa, na kama kiko ndani ya muda wa dhamana ya mkataba, gharama ni ya mchimbaji.

Maji mekundu ndiyo yanayoua visima vingi vya watu waliofanya kila kitu sawasawa. Nguo nyeupe inatoka na madoa ya kahawia, chai inageuka nyeusi, na watu wanasema maji yana ladha ya msumari. Hakuna atakayelalamika kwenye kamati. Watarudi kimya kimya kwenye lambo, na utajua kwa sababu foleni imeisha.

Kuna vyanzo viwili na dawa zake hazifanani. Nenda kabla ya mtu yeyote kuteka. Jaza chupa ya kwanza, endelea kupiga, jaza nyingine baada ya kila ndoo chache, zipange kwa mfuatano. Kama ya kwanza ni nyekundu na zinazofuata zinaendelea kung'aa mpaka ya mwisho ni safi na inabaki safi, kutu ni ya mabomba yako yaliyolala na maji usiku kucha. Maji yenye uchachu hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, hata yakiwa mapya. Weka ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kama chupa zote zinatoka safi halafu baada ya saa moja zote zinageuka rangi, chuma kimo ndani ya maji kutoka kwenye mwamba, na kilikuwa kinasubiri kukutana na hewa. Hapo mabomba mapya ni fedha ya kutupa. Kinachotakiwa ni kuyapitisha maji hewani na kwenye chujio la mchanga, kazi inayohitaji mtu wa kulisafisha chujio kila mara. Kijiji kisicho na mtu huyo, bora mchimbe mahali pengine.

Maji ni safi machoni lakini hayafai

Chumvi utaijua kwa ulimi na hakuna pampu itakayoiondoa. Floridi, madini yanayoyeyuka kwenye maji kutoka kwenye miamba, hutaijua kwa ulimi, macho wala pua. Utaijua kwa watoto. Waangalie wa darasa la nne au la tano waliokunywa maji ya kisima hicho tangu wadogo: meno yenye mabaka ya kahawia, mengine yaliyomomonyoka. Kiasi kikizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo inapinda na kukakamaa. Maeneo yanayozunguka Meru na Kilimanjaro na ukanda wa Bonde la Ufa, Arusha, Manyara mpaka Singida, yanajulikana kwa hilo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi, na sasa inashika 1.5, kwa hiyo kisima kilichopasishwa zamani chaweza kuwa hakipiti leo. Kipimwe upya.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, na unaizidisha. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kwa muda mrefu vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na vinafanya kazi vikibadilishwa kwa wakati.

Kwa chumvi na floridi, ushauri wangu ni kuinua macho kwenye paa la kanisa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka kama inavyopata Dodoma, hata ukitoa sehemu ya tano kwa upotevu, ni lita 88,000. Zikiwekwa kwenye tangi zuri kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, na kisima kikabaki cha kufulia na mifugo, watoto wadogo wanalindwa kuanzia msimu huo huo.

Watu wanaumwa matumbo

Kabla ya kulaani kisima, pima sehemu mbili: kwenye mdomo wa pampu na kwenye mtungi nyumbani. Ikiwa pampuni ni safi na nyumbani si safi, tatizo ni madumu, vikombe vya kuchovya na mikono, na fedha za kisima hazitalitibu. Ikiwa uchafu uko pampuni, zunguka sakafu ya zege ukiwa umeinama. Tafuta ufa, hasa pale shina la pampu linapokutana na zege. Angalia maji yanayomwagika yanakwenda wapi, kama ng'ombe wananywea pale pale, na kama kuna choo cha shimo ndani ya mita 30 au upande wa juu wa mteremko.

Ziba ufa kwanza, tia klorini baadaye. Klorini ikitiwa kwenye kisima chenye ufa inasafisha kwa siku chache tu, kisha mvua inanyesha na mambo yanarudi. Kwa kisima cha kuchimbwa kwa mkono chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3, kuna takriban lita 3,400. Kupata miligramu 50 kwa lita utahitaji gramu 260 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Ukoroge kwenye ndoo, umimine, piga pampu mpaka usikie harufu kwenye mdomo, funga kisima usiku kucha, na kesho yake ondoa maji mpaka harufu iishe. Tangazo litolewe kanisani, msikitini na kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili asitokee mtoto wa kuyanywa.

Imetengenezwa, imekufa, imetengenezwa, imekufa

Hapa spana haifiki, na hapa ndipo visima vingi vya kanisa vinapofia. Dalili zake: mpira wa bei ndogo umekosekana miezi minne. Mweka hazina anasema fedha zipo lakini hajui ni kiasi gani. Ufunguo wa mnyororo wa pampu uko kwa mtu mmoja na amesafiri kwenda msibani. Mchungaji aliyekianzisha amehamishwa na mpya hajakabidhiwa kitu. Ukiuliza kisima ni cha nani, mmoja anasema cha kanisa, mwingine cha mzungu, mwingine anataja jina lililoandikwa kwenye zege. Hakuna anayesema chetu.

Chanzo huwa kimewekwa siku ya uzinduzi. Kisima kikiitwa cha usharika, Waislamu, Wasabato na wasio na dini wanateka kama wageni, na mgeni hachangii ukarabati. Na washarika nao wanaona wameshatoa kwenye sadaka. Mabishano ya nani mwenye maji ni ya kale. Mwanzo 26 inaonyesha Isaka akigombana na wachungaji wa Gerari kisima baada ya kisima mpaka akapata kimoja kisichogombewa, na ningependa sura hiyo isomwe kwenye kila uzinduzi, kabla ya utepe.

Hatua ya kwanza ni makabidhiano ya maandishi kwa kijiji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo, na chini yake kuna vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vinavyosajiliwa wilayani. Kisima kiingie humo. Najua sharika zinazoogopa kwamba zitanyang'anywa. Ninachokiona ni kinyume: kisima kisichosajiliwa hakina anayewajibika kwa sheria, na siku kikifa hakimo hata kwenye orodha ya ofisi ya wilaya.

Hatua ya pili ni fedha zinazosomwa hadharani. Kaya 60 zikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi ni shilingi 720,000 kwa mwaka. Ziwe benki au kwenye simu yenye kumbukumbu, watia saini watatu, angalau mmoja awe mwanamke anayeteka maji hapo kila siku, na daftari lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wajane na wazee wasio na uwezo wasamehewe kwa majina, kwa uamuzi wa mkutano, si kwa huruma ya mshika ufunguo. Hapo ndipo kanisa lina nafasi yake halisi: mfuko wa diakonia, ule wa kuhudumia wahitaji, uwalipie, na wateke kama wengine.

Hatua ya tatu ni mafundi wawili au watatu waliofundishwa kwenye pampu hiyo hiyo, wanaolipwa kwa kila kazi. Fundi wa kujitolea anafanya vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu yuko Dar es Salaam, na simlaumu. Dayosisi nayo yaweza kuweka sanduku la spea kwenye jimbo la kanisa, mipira, oringi, bushi na rodi, ziuzwe kwa bei ya dukani bila faida. Sanduku hilo linaokoa safari ya siku mbili, na kwa maoni yangu lina maana zaidi kuliko kisima kipya cha ishirini.

Ikibidi kumwandikia mfadhili

Kuna mambo yanayozidi nguvu ya kijiji: kisima kilichokauka kwenye mwamba, floridi, bomba la kisima lililopasuka. Hapo andika, na uandike kwa heshima ya watu mnaofanya kazi moja. Eleza aina ya pampu, kina cha kisima na cha maji kwa tarehe uliyopima, matokeo ya vipimo vya mapigo, picha ya sehemu iliyoharibika ikiwa kando ya rula, cheti cha maabara kama kipo, idadi ya watu wanaoteka, kiasi kilichomo kwenye mfuko wa maji na mnachoweza kuchangia. Ombeni kitu kimoja kinachotajwa kwa jina: kompresa ya kusafisha kisima, mabomba sita ya chuma kisichoshika kutu, tangi la mvua. Nakala iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya na kwa ofisi ya diakonia ya dayosisi, na nyingine ibaki kwenye faili la kijiji pamoja na ripoti ya uchimbaji.